Pombe za Msimu Kabalo, Mvua Zikaribiapo

Katika nchi za Ulaya, ambako mwaka umegawanyika katika majira manne, watengenezaji wa bia wana desturi kongwe ya kuyapokea machipuko kwa bia iliyopikwa makusudi kwa wakati huo, nyepesi kuliko ile ya baridi kuu na nzito kidogo kuliko ile ya kiangazi, na wanywaji huingoja kwa kuhesabu majuma. Kabalo haina machipuko ya namna hiyo. Mji huu wa jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliopo ukingoni mwa mto Lualaba karibu na mahali mto Lukuga unapoyamwaga maji uliyoyatoa Ziwa Tanganyika, unajua majira mawili tu yanayostahili kutajwa: kipwa, yaani miezi ya ukavu tangu Mei hadi Septemba, na masika, yanayoanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Walakini baina ya hayo mawili pana majuma machache ambayo hayana budi kuhesabiwa peke yake. Mvua haijanyesha, jua limekuwa kali, mto umepungua, watu wanafyeka na kuchoma mashamba mapya, na ilhali ardhi ni kavu kabisa miti ya miombo hutoa majani machanga ya rangi ya shaba pasipo kungoja tone moja la maji. Hayo ndiyo machipuko ya Kabalo, na wakati huo ndipo biashara ya pombe za kienyeji inapoingia katika mtihani wake mkubwa wa kila mwaka.

Mtihani wenyewe hauna fumbo. Kiu ya mnunuzi hufikia kilele katika Septemba na Oktoba, wakati wa joto, vumbi na kazi ngumu ya shamba, ambapo mtu aliyeshinda na jembe tangu alfajiri hutafuta kitu chenye uchachu kidogo na chenye kushibisha. Lakini mahindi, ambayo ndiyo asili ya karibu kila kileo cha nafaka mahali hapa, hupandwa mvua zianzapo na kuvunwa kuanzia Februari hadi Aprili, na kwa hiyo ghala huwa tupu zaidi katika majuma yale yale ambayo kiu ni kubwa zaidi. Debe la mahindi analolitafuta mpishi wa pombe hulitafuta pia mama mwenye watoto kwa ajili ya ugali, na bei hupanda bila ya kumwonea haya yeyote kati yao. Mavuno yakiingia mambo hupinduka: nafaka huwa rahisi na kuni zipo, lakini mvua imeyapoza makoo, njia zimejaa matope, na kila nyumba ya pili ina mahindi yake na mtungi wake, hata muuzaji akawa hana mnunuzi ila jirani ambaye naye anauza. Wingi wa mali na wingi wa wateja, mambo mawili ambayo wachumi hupenda kuyaona yakikutana sokoni, hapa hupishana njiani kila mwaka. Na atakayeitazama biashara hii bila ya kulishika jambo hilo atadhani kwamba wauzaji hupata na kupotewa kwa bahati, kumbe mna hesabu ndani yake.

Wenye biashara ni wanawake: wajane, walioachwa, na wake za watu ambao ujira wao umechelewa, kwani Kabalo ni mji wa reli, na wafanyakazi wa reli wa Kongo wamewahi kukaa miezi mingi sana bila ya kuuona mshahara. Rasilmali yao ni pipa la chuma lililokatwa, sufuria mbili tatu, kinu na mchi, chekecheke, mabido ya plastiki, na uzoefu wa kuupima moto kwa kiganja. Benki yao ni likelemba, yaani kundi la watu wanaochanga kila juma na kumkabidhi mmoja wao fungu zima kwa zamu. Na hapo pia msimu una neno lake, kwa kuwa mwanamke aliyeangukiwa na fungu mwezi wa Machi hununua magunia, na aliyeangukiwa nalo mwezi wa Septemba hulipa madeni. Duka ni ua wa nyumba, kipimo ni kopo, na daftari la wakopaji ni kichwa cha mama mwenyewe, ambacho aghalabu ni daftari sahihi kuliko madaftari mengi ya karatasi. Machicha hulishwa nguruwe na bata, na katika miezi ya bei mbaya nguruwe ndiye anayebaki kuwa faida.

Tuanze na munkoyo, kwa kuwa ndicho kinywaji ambacho hata mtu asiyegusa pombe hukipokea kwa mikono miwili. Unga wa mahindi hupikwa uji mzito, uji ukaachwa upoe hadi uvuguvugu, kisha hutiwa mizizi ya mmea wa porini, ambao ndio wenye jina hilo la munkoyo, iliyopondwa kwa mchi hata ikawa nyuzinyuzi. Mizizi hiyo, ambayo wataalamu wa Kongo na Zambia wameitambua kuwa ni ya mimea ya jamaa ya kunde, kama vile Rhynchosia na Eminia, ina vimeng'enya vya kuuvunja wanga, vinavyofanya kazi ile ile ambayo mpishi wa bia wa Ulaya huifanya kwa kimea cha shayiri. Na mtazamaji hushuhudia uji uliokuwa ukiushika mwiko ukilegea kwa muda mfupi na kuwa maji matamu, ijapokuwa hapana mtu aliyetia sukari. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto, cha msafiri, cha Mwislamu na cha mlokole. Siku ya pili uchachu wa namna ya mtindi umeingia. Siku ya tatu chachu imekwisha fanya kazi yake na kilevi kimo, kidogo, lakini kimo, na heshima inamtaka muuzaji amwambie mgeni. Kwa ulimi wangu siku ya pili ndiyo siku yake: utamu haujatoka, uchachu haujatawala, na harufu ya mzizi, iliyo ya udongo na majani makavu, hukaa nyuma kabisa na kuonekana baada ya kumeza.

Kibiashara munkoyo una tabia mbili zinazoufaa wakati huu wa mwaka. Ni mwepesi, na kwa sababu hiyo unga mdogo hujaza bido kubwa, jambo ambalo katika miezi ya ughali ni nusu ya faida. Na mzizi wake ukikauka vizuri hukaa muda mrefu na kuvumilia safari, hata huuzwa kwa mafungu katika masoko ya mbali kama Lubumbashi. Tabia ya tatu si njema. Mmea hauishi baada ya kung'olewa mzizi wake, au hubaki dhaifu, na hapana anayeupanda; watu huchimba walipokuta, wakimaliza husogea mbele, na gharama ya mwendo huo huongezwa katika bei ya fungu bila ya mtu kutaja sababu yake. Mali inayochukuliwa bure porini ina kawaida ya kuonekana rahisi mpaka siku inapoadimika.

Kibuku ni habari nyingine, kwani ni pombe hasa, ya mahindi au ya mtama, nzito, ya rangi ya kijivu chenye wekundu, na chembe za nafaka huelea ndani yake hata mnywaji hajui kama anakunywa au anakula. Jina lake lina asili ya ng'ambo ya mpaka: katika miaka ya 1950 Max Heinrich, mtengenezaji wa pombe wa Kitwe katika Zambia ya sasa, alianza kuipika kiwandani pombe ya nafaka ya wenyeji, na inasimuliwa kwamba kitabu alichokiweka ili wanywaji waandike maoni na malalamiko yao ndicho kilichoipa pombe hiyo jina la Chibuku. Jina likavuka mpaka likaenea Katanga, kusini mwa Kongo, likaikuta pombe iliyokuwapo zamani sana kabla ya kiwanda chochote, kwa maana Waluba wa bonde hili la Lualaba walikuwa na pombe za nafaka na za mchikichi tangu enzi za wafalme wao, ambao kwa mila hawakuonekana na watu wakati wa kula wala wa kunywa.

Siri ya kibuku imo katika kimea. Nafaka hulowekwa, hutandazwa chini ya majani au magunia yenye unyevu, huachwa ichipue kwa siku chache, kisha huanikwa juani na kusagwa. Na hapo ndipo palipo na ufunguo wa ule mtihani niliouelezea. Kimea kinataka jua kali. Katika masika kimea huota ukungu kabla hakijakauka, na pombe inayotokana nacho ina harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi, ambayo mnywaji mzoefu huitambua kabla kopo halijafika mdomoni. Katika kipwa, kinyume chake, siku mbili tatu za jua hukifanya kikavu kiasi cha gunia zima kukaa kwa miezi bila ya kuharibika. Basi mwanamke anayenunua mahindi mwezi wa Aprili au Mei, bei ingali chini, akayafanya kimea mara mvua zinapokatika na kukihifadhi mbali na panya na unyevu, anaingia Septemba akiwa na mali aliyoinunua kwa bei ya mavuno, ilhali jirani yake anagombania debe la mwisho sokoni. Ujuzi huo upo, wala si siri ya mtu. Linalokosekana ni fedha ya kununua magunia kwa wakati wake na mahali pakavu pa kuyaweka, na wachache walio navyo vyote viwili ndio wanaoonekana kuwa na bahati. Kibuku chenyewe, kwa atakaye hukumu ya ulimi, kinataka kunywewa siku ile ile kilipoiva: jioni ni laini, kina ladha ya mkate mbichi na uchachu wa ndimu, asubuhi ya pili kimekuwa kikali, mchana wake ni cha mwenye kiu isiyochagua.

Kileo ambacho kwa maana halisi ni cha machipuko ya Kabalo ni mbote, pombe ya asali. Maua ya miombo huwapa nyuki kazi katika miezi ya mwisho ya kipwa, na asali huvunwa kwa wingi karibu na mvua za kwanza, Oktoba na Novemba. Hivyo mbote hutokea wakati ule ule ambao kiu ni kubwa na ghala ni tupu, na kwa kuwa haihitaji punje moja ya nafaka, haishindani na ugali wa mtoto yeyote. Asali huchanganywa na maji ya uvuguvugu pamoja na masega yenye chavua, ambayo ndiyo huleta chachu, kisha huwekwa kwenye kibuyu au bido karibu na moto kwa siku kadhaa. Iliyoiva vizuri si tamu kama mgeni anavyotazamia. Utamu umeliwa na chachu, imebaki harufu ya maua, ya nta na ya moshi kidogo uliotumiwa kuwafukuza nyuki, na ukali wake hufika polepole, baada ya mnywaji kujidai kwamba haupo. Nimeionja mbote iliyochujwa kwa kitambaa safi na ile iliyochujwa kwa haraka, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya bia mbili za viwanda viwili. Kwa hiyo ninaiweka juu ya vileo vyote vya bonde hili, kwa sharti la kumjua mchujaji.

Ugavi wa asali, hata hivyo, una historia yenye uchungu. Warina asali wakubwa wa misitu ya jimbo ni Watwa, ambao wengine huwaita Bambote, na kwa miaka mingi asali na nyama zao zilibadilishwa na nafaka na chumvi za vijiji vya Waluba na wengineo. Ugomvi uliozuka kati ya Watwa na Waluba tangu mwaka wa 2013, ukawaka tena kwa ukali katika 2016 na 2017 kwenye wilaya za Kabalo, Manono na Nyunzu, ulichoma vijiji vya pande zote mbili, ukawatawanya watu, na ukaikata imani ambayo juu yake biashara ya kubadilishana vitu husimama. Mtu hawezi kuingia msituni kununua asali kwa mtu anayemwogopa. Panapokuwa na amani mbote hurudi sokoni, na kwa macho ya mwandishi wa biashara hicho ni kipimo cha amani kisichodanganya sana.

Malafu, tembo la mchikichi, halitatuchukua muda: asubuhi ni tamu, adhuhuri lina nguvu, jioni ni siki, na hapana msimu wala karadha inayoweza kubadili saa hizo. Lutuku ndiyo inayotaka maneno. Hii ni pombe kali ya mahindi na muhogo inayokenekwa kwa pipa na bomba, na sheria imeikataza tangu zama za Wabelgiji. Hata kabla ya hapo, Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa Septemba 1919 ukaendeleza zuio hilo. Na ingawa imekatazwa kwa zaidi ya vizazi vitatu, lutuku haijapungua, na sababu yake ni ya kihesabu kabla ya kuwa ya kimaadili. Kati ya vileo vyote vya Kabalo ni hiki tu ambacho hakina msimu. Hakiozi, hakichachi, hakitaki kunywewa leo. Thamani kubwa hukaa katika bido dogo linaloweza kufungwa nyuma ya baiskeli au kusukumwa chini ya kiti cha gari la moshi. Na mwanamke aliyekwama na kibuku kisichopata mteja siku ya mvua anajua kwamba akikikeneka ataokoa walau nusu ya mali yake. Kila kinachofanya pombe nyepesi kuharibika upesi, iwe ni mvua, njia mbovu au askari anayedai chochote mlangoni, kinaisukuma nafaka kuelekea kwenye pipa la lutuku. Hatari zake si za kubuni: ule mchirizi wa kwanza utokao bombani ni mbaya na unapaswa kumwagwa, na mwenye haraka haumwagi.

Bia ya chupa iliushinda msimu kwa njia nyingine, na ushindi huo una tarehe zake. Ulaya nayo ilikuwa na pombe za msimu kwa lazima wala si kwa anasa: katika Bavaria amri ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia baina ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa ya wakati wa joto iliharibika, na bia kali iliyopikwa Machi ili ivumilie miezi ya katazo ndiyo chanzo cha Märzen ambayo leo huuzwa kama starehe. Katazo hilo lilikosa maana pale Carl von Linde alipotengeneza mitambo ya kupoza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya viwanda vya bia. Mitambo hiyo ndiyo iliyowezesha bia ya Kizungu kupikwa penye joto la Kongo: Kampuni ya Bia ya Léopoldville, mzazi wa Bralima ya leo, iliasisiwa mwaka 1923 na kuanza kuuza mwaka 1926, na katika muongo huo huo Élisabethville, yaani Lubumbashi, ikapata kiwanda chake, ambacho bia zake za Simba na Tembo zimekuwa fahari ya Katanga. Sheria iliyokataza pombe kali na mashine iliyotengeneza baridi zilishirikiana kumpa mwenye kiwanda soko ambalo mama mwenye mtungi hakuweza kulifikia.

Lakini baridi ya kiwanda haisafiri peke yake, bali husafiri kwa reli, na Kabalo ni binti wa reli. Kampuni ya Maziwa Makuu, iliyoundwa na Baron Empain mwaka 1902, iliikamilisha njia ya kilometa 273 kutoka Kabalo hadi Kalemie, wakati huo Albertville, mwaka 1915. Na ilikuwa Oktoba ya mwaka huo huo zilipopita hapa Mimi na Toutou, mashua mbili za vita za Waingereza, zikielekea kuwakabili Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1956 njia ya kutoka Kamina ikafika, na tangu hapo Kabalo imekuwa njia panda ya Lubumbashi, Kalemie na Kindu. Chupa ya Simba inayonywewa Kabalo imetembea zaidi ya kilometa elfu moja juu ya reli chakavu, ambapo gari la moshi huweza kukawia kwa siku, na wakati mwingine huanguka. Bia nyingine hutoka upande wa mashariki: ile ya Brarudi, kampuni iliyoanzishwa Burundi mwaka 1955, na zile za Tanzania zinazovuka kutoka Kigoma hadi Kalemie, zikapandishwa reli kuelekea Lualaba. Na chupa ni safari mbili. Chupa kubwa ya sentilita 72 ni amana ya kiwanda, na mfanyabiashara wa Kabalo asiye na kreti za chupa tupu za kurudisha hapati zilizojaa, hivyo sehemu nzuri ya rasilmali yake ni vioo vitupu vinavyosubiri gari. Baridi yenyewe, baada ya msafara wote huo, mara nyingi imekwisha potea: umeme wa maporomoko ya Kyimbi huimulika Kalemie, bali huku friji ni la jenereta au la jua, na mnywaji hulipa bei ya bia baridi na bei ya kuipoza.

Hapo ndipo mtu anapoweza kuuliza kwa haki kwa nini pombe iliyopikwa umbali wa hatua mia, isiyodaiwa nauli wala kioo, haijaitawala Kabalo nzima. Jibu ni kwamba bia ya chupa huuza jambo ambalo kopo haliwezi kuahidi, nalo ni kufanana: Simba ya leo ni Simba ya jana. Mtu anayemkaribisha mgeni, anayelipa mahari au anayezika, hataki kubahatisha.

Nchi nyingine za Afrika zimeyakabili matatizo hayo ya msimu na ya kutofanana kwa njia mbalimbali. Iringa, katika Tanzania, ulanzi wa mwanzi hugemwa katika miezi ya mvua na watu wameridhika ungoje mvua za mwaka ujao. Arusha, kampuni ya Banana Investments iliyoanza mwaka 1993 iliichukua pombe ya ndizi, ikaichuja, ikaitia chupani na kuilipia ushuru, na leo inauzwa dukani kama kinywaji chochote. Zimbabwe, kampuni ya Delta ilitoa mwaka 2012 Chibuku iliyochemshwa na kufungwa kwa namna ya kudumu majuma matatu badala ya siku chache. Serikali za Uganda na Kenya zilitumia ushuru: ile ya kwanza ilipunguza kodi ya bia ya Eagle, iliyotoka mwaka 2002 na kupikwa kwa mtama wa wakulima wa nchini; ile ya pili iliisamehe kodi bia ya Senator, iliyoanza mwaka 2004 kwa nia ya kuwavuta watu waache chang'aa, kisha mwaka 2013 ikaurudisha ushuru kwa nusu, mauzo yakaporomoka na wakulima wa mtama wakabaki na magunia, hata serikali ikalazimika kulegeza tena mwaka 2015. Nairobi na Dar es Salaam zina sasa viwanda vidogo vinavyopika bia chache za aina aina kwa wateja wenye fedha, na vingine hutoa bia ya msimu. Ni biashara ya heshima, lakini inategemea umeme usiokatika, shayiri ya kuagizwa na mteja asiyeuliza bei, na Kabalo haina hata kimoja cha hivyo.

Katika mifano hiyo yote, ninaona kwamba wa Kenya ndio unaoifaa Kabalo kwa kuitazama, kwa kuwa unaonyesha jinsi mnywaji wa kipato kidogo anavyohama upesi kutoka pombe nyepesi kwenda kali pindi nyepesi inapofanywa ghali. Mamlaka ya jimbo ingefanya vyema kama ingeitenga lutuku na vileo vingine: kibuku, mbote na munkoyo vipewe kibali kimoja cha bei ndogo cha mwaka, chenye karatasi ambayo mwanamke anaweza kumwonyesha kila mwenye kuja mlangoni, na ukaguzi wa maji na vyombo uwe ndio sharti lake. Pili, fedha ya mkopo kwa wapishi wa pombe, itoke kwenye ushirika au kwenye shirika lolote la msaada lililopo jimboni, itolewe Aprili. Ikitolewa Septemba, kama miradi mingi inavyofanya kwa sababu za kalenda ya ofisi, inanunua mahindi ya ghali na kuwapandishia bei wenye njaa. Tatu, ghala moja kavu la kimea karibu na stesheni, lenye sakafu ya saruji na mlango mmoja, lingefaa kuliko mtambo wowote wa kisasa utakaokaa ukingoja mafuta. Juu ya mizizi ya munkoyo sina la kupendekeza ila kwamba mtu ajaribu kuipanda kabla wachimbaji hawajafika mbali zaidi ya faida.

Msomaji atakayeshuka Kabalo kabla ya mvua ya kwanza na aulizie mbote, na amtake mwenyeji amwonyeshe mchujaji safi. Munkoyo aunywe siku ya pili. Na kama ameletewa kibuku katika mwezi huo wa Oktoba, aulize kimea chake kilianikwa lini. Kikiwa ni cha Mei, alipe bei atakayotajiwa bila ya kubishana.